Eneobunge la 27 la New York: namba iliyokufa kwa upungufu wa watu 89

Tangu Texas ilipochora upya ramani yake ya uchaguzi Agosti 2025, na California ikajibu mapigo kwa kura ya Novemba, kundi letu la WhatsApp la ukoo limejaa wachambuzi wa siasa za Marekani. Juzi shemeji yangu akatupia swali ambalo mwanzoni nililiona jepesi: "Hivi kule eneo la mbunge likifutwa, watu wake wanapelekwa wapi?" Mmoja akajibu kwamba wanabaki bila mbunge mpaka sensa nyingine. Mwingine akasema serikali inawahamisha. Ami akaandika neno moja tu, "Njama", akanyamaza.

Nikajaribu kumjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Nilipousikiliza, hata mimi sikuelewa nilichosema. Basi nimekaa chini niandike, na nimechukua mfano mmoja wa kweli: eneobunge la 27 la jimbo la New York, lililokoma Januari 3, 2023. Nimelichagua kwa sababu limepitia karibu kila kitu ambacho eneobunge linaweza kupitia. Lilimwangusha mama aliyekuja kuwa gavana. Lilimchagua mtu aliyekuwa na kesi mahakamani. Likakaa bila mbunge kwa miezi tisa na ushei. Mwisho sensa ikaja, New York ikapungukiwa watu 89, na namba 27 ikafutwa.

Tuanze na maneno

Tatizo letu la kwanza ni neno "jimbo". Mtanzania akisema jimbo anakusudia mahali anapotoka mbunge. Redio hiyo hiyo ikisoma habari za nje inasema "jimbo la Texas", ambalo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Mtu akikutana na sentensi "jimbo la New York limepoteza jimbo moja" ana haki kabisa ya kuzima simu. Hapa nitaita jimbo lile kubwa, yaani New York, Texas, Minnesota. Vipande vyake vinavyotoa mbunge mmoja mmoja nitaviita maeneobunge, kama wasemavyo Wakenya.

Pili, Bunge la Marekani lina pande mbili. Kuna Seneti, ambako kila jimbo lina viti viwili hata liwe dogo kiasi gani. Hiyo tuiweke kando. Na kuna Baraza la Wawakilishi, ambalo Mzanzibari asilichanganye na lile la Chukwani. Hili la Washington lina viti 435, na viti hivyo ndivyo vinavyogawanywa kwa kufuata idadi ya watu.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunapopotelea: kuna kazi mbili tofauti, kugawa viti na kuchora mipaka. Kugawa viti kunafanyika Washington kila baada ya miaka 10, sensa ikishakamilika. Ni hesabu tupu, inayoliambia kila jimbo lina viti vingapi. Kuchora mipaka kunafanyika ndani ya jimbo lenyewe: ukishapewa viti 26, nani atakaa eneo lipi? Hapo ndipo wanasiasa wanapokunja mikono ya mashati. Kilichotokea Texas mwaka 2025 kilikuwa kazi ya pili peke yake. Texas ilikuwa na viti 38 kabla ya ramani mpya na ikabaki na 38. Kifo cha eneobunge la 27 kilianza na kazi ya kwanza.

Kwa nini jambo hili linatuchanganya sisi zaidi

Kwetu maeneo ya uchaguzi huzaliwa, ni nadra kufa. Tanzania ilikwenda kwenye uchaguzi wa 2025 ikiwa na majimbo 272, kutoka 264. Watu wameongezeka, basi viti vinaongezwa. Kenya ilitoka maeneobunge 210 hadi 290 kwa Katiba ya 2010, na katiba hiyo hiyo ikaweka ngao kwamba katika marudio ya kwanza hakuna eneobunge lililokuwepo litakalopotea, ndiyo maana Lamu Mashariki, yenye watu wachache sana, iko mpaka leo. Wazanzibari pekee ndio walioonja kupunguziwa hivi karibuni: majimbo yalipanda hadi 54 mwaka 2015, yakarudi 50 mwaka 2020.

Marekani walifunga mlango. Idadi ya 435 ilifikiwa kwa sheria ya 1911 iliyoanza kutumika 1913, wakati kila mbunge alikuwa na watu kama 210,000. Baada ya sensa ya 1920 miji ilikuwa imevimba, wabunge wa mashamba wakaona wanamezwa, na Baraza likashindwa kugawana viti upya kwa muongo mzima. Sheria ya 1929 ndiyo iliyomaliza ugomvi, na idadi ikabaki pale pale, isipokuwa kwa muda mfupi Alaska na Hawaii zilipojiunga mwaka 1959 na viti vikafika 437. Kwa sensa ya 2020 mbunge mmoja alikuwa na wastani wa watu 761,169.

Mlango ukishafungwa, kila anayeingia lazima mwingine atoke. Mwaka 2021 Texas iliongezewa viti viwili, Florida, Colorado, Oregon, Montana na North Carolina kimoja kimoja. Viti hivyo saba vilitoka kwa wengine saba: California, Illinois, Michigan, Ohio, Pennsylvania, West Virginia na New York.

Namba ni jezi

Maeneobunge ya Marekani hayana majina kama Mvita au Ubungo. Yana namba. Na namba hizo hazijashonwa kwenye ardhi. Zinavaliwa kama jezi. Namba 10 ya timu yako leo imevaliwa na kijana huyu, miaka mitano iliyopita aliivaa mwingine, na hakuna anayesema ni mtu yule yule.

Namba 27 ya New York imetembea. Mwaka 1903 hadi 1909 iliwakilishwa na James S. Sherman wa mji wa Utica, katikati ya jimbo, aliyetoka hapo moja kwa moja kuwa Makamu wa Rais chini ya William Howard Taft. Kuanzia 1975 ilikuwa kusini, upande wa Binghamton na Ithaca, ikiwa na Matthew McHugh. Miaka ya 1980 ikahamia Syracuse. Mwaka 1993 ikafika magharibi kabisa, kwenye vitongoji vya Buffalo, ikiwa na Bill Paxon, na ikabaki pande hizo hadi mwisho wake. Utica haikusogea. Ilibadilishiwa jezi tu.

Jimbo likipunguziwa kiti, jezi inayotupwa ni ile yenye namba kubwa kuliko zote. New York ilikuwa na viti 45 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha 43, 41, 39, 34, 31, 29, 27. Kila hatua namba za juu zilikatika, na mwaka 2023 zamu ikawa ya 27. Kwa hiyo anayesema eneobunge la 27 lilifutwa kama adhabu ya mbunge wake, na wapo wanaosema hivyo, amekosea tangu mwanzo. Hata kama lingekuwa linawakilishwa na walii, lilikuwa na namba ya mwisho.

Sinia la mwisho

Sasa hesabu. Tuseme kuna harusi, masinia ya pilau ni 435, na familia zilizokuja ni 50, kubwa na ndogo. Sheria ya kwanza: kila familia ipate sinia moja, hata yenye watu wachache. Yamebaki 385. Hayo yanatolewa moja moja, na kila mara mgawaji anapaza macho ukumbini na kuuliza, ni familia ipi sasa hivi imebanana zaidi kwenye masinia yake? Anayebanana zaidi anapewa. Anarudia mara 385.

Ugumu uko kwenye kupima mbano. Ukihesabu watu kwa masinia waliyonayo sasa unazipendelea familia ndogo. Ukihesabu kwa masinia watakayokuwa nayo wakiongezewa unazipendelea kubwa. Njia inayotumika tangu 1941 inachukua kipimo cha katikati: zidisha hesabu zote mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Tuifanye kwa sinia la 435, kwa namba halisi zilizotangazwa Aprili 26, 2021. Minnesota ilikuwa na watu 5,709,752 na ilishapata viti 7. Kwa viti 7, kila mbunge ana watu 815,679. Kwa viti 8, watu 713,719. Kipimo cha katikati kinatoka 762,998. New York ilikuwa na watu 20,215,751 na ilishapata viti 26. Kwa 26, kila mbunge ana watu 777,529. Kwa 27, watu 748,732. Kipimo cha katikati, 762,994.

762,998 kwa 762,994. Nimeipiga hesabu hii mwenyewe kwa kikokotoo cha simu mara tatu, maana sikuamini. Sinia la mwisho likaenda Minnesota. Kama New York ingehesabiwa watu 89 zaidi, na majimbo mengine yote yakabaki kama yalivyo, kipimo chake kingepita. Na kama Minnesota ingepungukiwa watu 26, ingepitwa. Watu 89 hawajazi basi mbili.

Je, New York ilikimbiwa?

Hili ndilo jibu linalopendwa: kodi kubwa, maisha ghali, watu wamehamia Florida, ndiyo maana kiti kimekwenda. Wako waliohama, tena wengi. Lakini wakazi wa New York waliongezeka kati ya sensa mbili, kutoka 19,378,102 hadi 20,201,249. Ni nyongeza ya watu zaidi ya laki nane. (Namba hii ya pili ni ndogo kidogo kuliko ile ya kugawia viti kwa sababu kugawia viti wanaongezwa pia wanajeshi na watumishi wa serikali ya Washington walio ng'ambo.) New York haikupungua. Iliongezeka polepole kuliko wenzake, na kwenye harusi ya masinia 435 kuongezeka polepole ni sawa na kupungua.

Jibu la pili ni kwamba watu 89 walijificha. Siku ya sensa ilikuwa Aprili 1, 2020, na mtu akikumbuka hali ya jiji la New York wiki ile, ving'ora vya magari ya wagonjwa na hospitali zilizofurika kwa korona, hawezi kushangaa kwamba fomu za sensa hazikuwa jambo la kwanza mezani. Minnesota iliongoza nchi nzima kwa watu kujaza fomu wenyewe, asilimia 75. New York ilikuwa chini ya wastani wa taifa wa asilimia 67. Lakini hapa hadithi inapinda. Mwaka 2022 ofisi ya sensa ilitoa uhakiki wake, na uhakiki ukaonyesha kwamba New York ilihesabiwa zaidi ya watu wake halisi kwa asilimia 3.44, na Minnesota vivyo hivyo kwa asilimia 3.84. Waliohesabiwa pungufu walikuwa wengine, Texas na Florida wakiwemo. Uhakiki huo haubadilishi viti. Kilichotangazwa ndicho kilichogawiwa. Kwa hiyo kumtafuta yule mtu wa 89 ambaye hakufungua mlango ni kazi ya bure.

La tatu linatuhusu. Nani anahesabiwa? Kila mtu anayeishi pale: raia, mwenye kibali, mkimbizi, mwanafunzi, hata asiye na karatasi. Katiba yao inasema idadi nzima ya watu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilizuia jaribio la serikali ya Trump la kuweka swali la uraia kwenye fomu, na mwaka 2020 Trump alijaribu kuwatoa wasio na vibali kwenye hesabu ya viti, jaribio ambalo Biden alilifuta mara tu alipoingia. Buffalo na Rochester zimepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na ukipita mitaa ya magharibi ya Buffalo Kiswahili utakisikia. Mama wa Kikongo aliyefika miezi sita kabla ya sensa hakuwa na kura, lakini alikuwa na uzito ule ule kwenye mizani kama gavana. Minnesota nako kuna Wasomali wengi waliopitia kambi za Kenya. Mbunge wa eneobunge la 5 la huko, Ilhan Omar, aliishi utotoni katika kambi ya Utange, pale Mombasa. Hakuna awezaye kusema wale 26 waliookoa kiti cha Minnesota walikuwa akina nani. Ila hakuna pia awezaye kusema hawakuwa wao.

Wafungwa nao huhesabiwa pale gereza lilipo, si walikotoka. Hili lilikuwa na maana kwenye eneobunge la 27, maana gereza la Attica, lile la uasi wa 1971, limo ndani ya kaunti ya Wyoming, mojawapo ya kaunti zake.

Waliopita humo

Sasa tuingie kwenye eneo lenyewe, kwa sura yake ya mwisho, ya 2013 hadi 2023. Chukua ramani, weka kidole kati ya Buffalo na Rochester, chini ya Ziwa Ontario. Kaunti za Orleans, Genesee, Wyoming na Livingston zilikuwemo nzima, pamoja na vipande vya jirani zake. Ni nchi ya tufaha, mahindi na maziwa. Kaunti ya Wyoming (usiichanganye na jimbo la Wyoming) inajulikana kwa kuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Kisiasa lilikuwa ngome kubwa kuliko zote za chama cha Republican katika New York.

Mwanzo wake ni picha. Februari 2011 mbunge wa lililokuwa eneobunge la 26, Chris Lee, alijiuzulu baada ya picha yake kifua wazi, aliyomtumia mwanamke kupitia mtandao wa matangazo madogo, kuvuja. Alikuwa na mke. Kukaitishwa uchaguzi mdogo Mei 24, na Kathy Hochul wa chama cha Democratic akashinda mahali ambapo chama chake hakikutarajiwa kushinda, akisaidiwa na hofu ya wazee kwamba Republican wanataka kugusa bima yao ya afya. Mwaka uliofuata New York ilipunguziwa viti kutoka 29 hadi 27, mipaka ikachorwa upya, na Hochul akajikuta anagombea eneobunge la 27 lililokuwa gumu zaidi kwake. Novemba 2012 alishindwa na Chris Collins wa Republican kwa tofauti isiyofika asilimia 2. Mnaomwonea huruma tulieni: Agosti 2021 mama huyo huyo aliapishwa kuwa gavana wa New York, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho.

Collins alikuwa mfanyabiashara, na Februari 2016 akawa mbunge wa kwanza aliye madarakani kumuunga mkono Donald Trump hadharani. Mwaka huo alipata kama asilimia 67 ya kura. Mtu wa namna hiyo haangushwi na mpinzani. Alijiangusha mwenyewe, akiwa amesimama kwenye nyasi za Ikulu.

Siku ilikuwa Juni 22, 2017. Wabunge walikuwa wamealikwa kwenye tafrija ya nje. Collins alikuwa pia mjumbe wa bodi ya kampuni ndogo ya dawa ya Australia, Innate Immunotherapeutics, iliyokuwa ikijaribu dawa ya ugonjwa wa neva. Akapokea barua pepe kwamba jaribio limeshindwa. Umma haukujua bado. Akampigia simu mwanawe pale pale. Mwana akauza hisa, akawaambia wengine, nao wakauza. Habari ilipotangazwa hisa zilianguka kwa asilimia 92. Kwa mujibu wa mashtaka, waliouza mapema walikwepa hasara ya zaidi ya dola 768,000. Cha kuchekesha, kama kipo, ni kwamba Collins mwenyewe hakuuza. Hisa zake zilikuwa Australia ambako biashara ilikuwa imesimamishwa, na alipoteza mamilioni.

Alikamatwa Agosti 8, 2018, miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Siku chache baadaye akasema anaacha kampeni. Hapa watu wengi wa nje waliuliza, si wangeweka mgombea mwingine? Sheria ya New York haikuwa nyepesi hivyo. Jina likishaingia kwenye karatasi ya kura, linatoka kwa njia chache: ufe, uhame jimbo, au chama chako kikuteue kwa cheo kingine. Wakuu wa Republican wakahangaika kumtafutia kicheo chochote cha mjini, mradi jina litoke. Septemba Collins akabadili mawazo: nagombea. Mpinzani wake, Nate McMurray, kiongozi wa mji mdogo wa Grand Island, akamfuata kwa kasi. Kura zilipohesabiwa zote, Collins alishinda kwa kura elfu moja na kidogo kati ya karibu 285,000.

Nimesoma dhihaka nyingi juu ya wapiga kura hao: wamemchagua mshtakiwa! Mimi naona namba inasema jingine. Mtu aliyetoka asilimia 67 hadi chini ya 50 katika miaka miwili amekataliwa na maelfu ya watu wa chama chake mwenyewe. Ngome ilikuwa nene tu kuliko hasira.

Septemba 30, 2019 alijiuzulu, kesho yake akakiri kosa mahakamani, na Januari 2020 akahukumiwa miezi 26. Aliingia jela Oktoba 2020 na kutoka Desemba kwa msamaha wa Trump. Kiti kilikuwa wazi. Uchaguzi mdogo ulipangwa Aprili 2020, korona ikausogeza hadi Juni 23, na Chris Jacobs wa Republican akamshinda McMurray, kisha akamshinda tena Novemba kwa tofauti kubwa. McMurray aligombea mara tatu, akashindwa mara tatu, na mara ile ya kwanza ndiyo alikuwa karibu kuliko zote.

Wakati watu wa Batavia na Geneseo, miji ya eneobunge hilo, hawana mbunge, walikuwa wapi kisheria? Walikuwa pale pale. Ofisi ya mbunge iliendelea kufunguliwa chini ya usimamizi wa karani wa Baraza, wafanyakazi wakiendelea kusaidia wananchi wenye matatizo ya pensheni na pasipoti. Hawakuwa na mtu wa kupiga kura bungeni tu.

Kalamu inapochukua zamu

Kiti kimoja kimekwenda Minnesota. Ni kiti cha nani? Namba inayokufa ni 27, lakini si lazima mtu anayeumia awe yule wa 27. Hii ni kazi ya pili, kuchora mipaka, na New York waliifanya vibaya.

Mwaka 2014 wapiga kura wa jimbo waliidhinisha tume ya kuchora mipaka iliyotakiwa kuwa huru. Mwanzoni mwa 2022 wajumbe wa tume wakagawanyika kivyama, wakashindwa kukubaliana ramani moja. Bunge la jimbo, lililo mikononi mwa Democratic, likachora yake, na iliipendelea Democratic waziwazi. Kesi ikaenda mbele ya jaji Patrick McAllister wa kaunti ya Steuben, ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo New York ndiyo mahakama ya juu kuliko zote, na Aprili 27 ikaifuta ramani kwa kura 4 dhidi ya 3. Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama, Jonathan Cervas, akapewa wiki chache achore upya. Kura za mchujo za wabunge zikahamishwa kutoka Juni hadi Agosti 23. Wapo wagombea waliolala wakiwa eneobunge moja, wakaamka lingine.

Ardhi ya 27 ikagawanywa kama shamba la urithi: sehemu kubwa ya vijijini ikaingia eneobunge la 24 lililochukuliwa na Claudia Tenney, na vipande vya upande wa Buffalo vikaenda kwa la 23 na la 26. Jacobs alitaka kugombea la 23. Lakini Mei 14, 2022 kijana mbaguzi alivamia duka la Tops mjini Buffalo na kuua watu 10, wote weusi. Karibu wiki mbili baadaye Jacobs akasema yuko tayari kuunga mkono kupiga marufuku bunduki za aina ile. Chama kikamgeuka ndani ya saa, na Juni 3 akajitoa. Mbunge wa mwisho wa eneobunge la 27 hakuondolewa na sensa, wala na ramani.

Na hesabu ya mwisho? Kabla ya hapo New York ilikuwa na wabunge 19 wa Democratic na 8 wa Republican. Namba iliyokufa ilikuwa ya Republican. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2022 wakawa 15 kwa 11. Chama kilichofutiwa eneobunge kikatoka na viti vitatu zaidi. Ami, kama unasoma, hapo ndipo ungetafuta hiyo njama yako, nawe usingeipata: ramani ile ilichorwa kwa amri ya mahakama baada ya kufutwa ile iliyokuwa na njama.

Kwa hiyo, shemeji: watu hawapelekwi popote. Mzee wa kaunti ya Wyoming aliyepiga kura 2020 kwenye eneobunge la 27 alipiga kura 2022 kwenye eneobunge la 24, pengine katika ukumbi ule ule, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba ile ile. Kilichobadilika ni namba juu ya karatasi, majina chini yake, na majirani anaogawana nao mbunge.

Nilimtumia rasimu ya makala haya jana usiku. Akaisoma yote, akajibu: "Kwa hiyo wale ng'ombe hawahesabiwi?"

Hawahesabiwi.